Picha za Mateso ya Maganga

La Rochelle, Johannesburg

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu na unaweza kuinama kwenye sala bila kushika ukuta. Sisi huku wazima, ila baridi inatutafuna, asubuhi ukifungua bomba vidole vinakufa ganzi. Mjukuu wako Salim ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha anakujibu kwa Kizulu. Nimeshachoka kugombana naye. Cherehani yangu bado iko Fordsburg, dukani kwa yule mama wa Kihindi wa mapazia, na kazi ipo.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inakaa mkononi mwa Dada Zaina, na haya nataka uyasikie wewe kwanza. Kaa chini, Mama. Nimemkomesha Maganga.

Unakumbuka alivyoondoka hapa Johannesburg. Alimpandisha Dada Zaina basi la kurudi kwetu Handeni, akamwambia akapumzike kwa mama miezi michache, yeye anatangulia Ubelgiji kutengeneza maisha. Tangu siku hiyo mumewe amekuwa sauti ndani ya simu. Eti yuko shambani anachimba viazi, analala ghalani na ng'ombe, tajiri amemshikia pasi yake ya kusafiria, hana hata siku moja ya kupumzika, mkewe asubiri. Dada alikuwa ananirushia sauti zile nizisikilize, na mimi nilikuwa nazirudia mpaka nikazijua kwa moyo. Siku moja akaniambia, "Rehema, mimi nataka moja tu. Anichukue au aniache. Sina mume na sina ruhusa ya kuwa sina mume." Neno hilo lilinikaa rohoni.

Basi Jumamosi iliyopita mdogo wake Maganga, Hamisi yule fundi wa friji, alioa. Nguo za bi harusi na wasindikizaji wake nilizishona mimi, kwa hiyo nilialikwa. Ukumbi uko hapohapo Fordsburg, juu ya maduka, wametandika mazulia, viatu mnaviacha mlangoni, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Naingia tu, nani namwona amekaa mbele katikati ya wanaume? Maganga. Mnene, ananukia, shavu linang'aa. Akaniita shemeji kwa sauti ya juu, akaniuliza hali ya nyumbani kana kwamba jana tu alikuwa kwetu anakula ubwabwa. Nikamwuliza atapita Tanga kabla ya kurudi. Akasema hapana, ndege yake inarudi moja kwa moja, tajiri wake mkali.

Tulipomaliza kula, vijana wakataka kuona Ulaya. Kulikuwa na televisheni kubwa ukutani iliyokuwa ikionyesha picha za maharusi. Maganga akaunganisha simu yake nayo, na kwa majivuno yake akasahau ni nani amekaa upande wa pili wa ukumbi. Au hakusahau, alinidharau. Vyovyote vile, alikosea.

Akaanza kuwaeleza. Anakaa wilaya moja ya mashambani kusini mwa Ubelgiji, upande wanaouita Ardeni, vilima na misitu mitupu, nyumba za mawe za kijivu zenye maua madirishani. Picha ya kwanza yeye huyo mtoni, kwenye mtumbwi mdogo wa plastiki wa rangi ya chungwa, kasia mkononi, miamba mirefu huku na huku. Akasema watu hukodi mitumbwi hiyo kijiji cha juu, wanateremka taratibu na maji, wakifika kijiji cha chini gari linawarudisha. Picha nyingine yumo ndani ya pango, mawe yananing'inia kutoka juu, yamemulikwa kwa taa. Nyingine reli ya zamani ambayo treni haipiti tena, wameiwekea vigari vya kukanyaga pedali, mnakaa kama kwenye kochi mnajipeleka wenyewe katikati ya mashamba. Nyingine anatembea juu ya njia ya mbao kwenye kinamasi kilichojaa ukungu. Nyingine ngome ya wafalme juu ya kilima. Nchi ile ni nzuri, Mama, siwezi kuisingizia. Hata mimi nilitamani kukanyaga yale majani. Na katika kila picha Maganga amevaa viatu vyake vya kupandia milima, vya ngozi ya kahawia, na katika kila picha pembeni kuna mkono wa mwanamke wenye bangili ya kijani. Mara umeshika kasia, mara umeshika bega lake.

Wanaume wakawa wanasema eish, huyu jamaa anaishi. Mimi nilikalia mikono yangu. Niliwaza kumrukia. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ni Mzigua na yeye ni Mnyamwezi, na kama mimi mtani wake sina ruhusa ya kumtukana, nani anayo?

Nikaenda jikoni nikachukua mwiko, nikapita mlangoni nikaokota kiatu chake kimoja, kilekile cha kwenye picha, nikaenda kusimama mbele ya televisheni. Watu walipoona mwiko na kiatu wakaanza kucheka kabla sijasema, wanajua mambo yetu. Nikawaambia huyu Mnyamwezi ni mtani wangu na picha zake hajui kuzieleza, wanipishe nimsaidie. Wakapiga makofi. Maganga naye akacheka, angefanyaje? Mtani hanuniwi.

Nikamwambia kijana arudishe picha mwanzo. Kwenye mtumbwi nikasema hapa viazi vimekwisha, tajiri wake amemfunga kwenye beseni akamsukumia mtoni. Pangoni nikasema hapa ndipo anapolala, alimwambia mkewe ni ghalani kwa kuona haya. Kwenye reli nikasema wamemnyima nauli ya treni, sasa treni anaiendesha kwa miguu yake. Ngome nikasema ndiyo jela iliyomzuia kwenda Handeni. Na kila picha nilisema kwa sauti yake ileile ya kulialia ninayoijua, "Mke wangu, vumilia, huku ni mateso matupu." Wanaume wakaanguka kwa kicheko. Wanawake walikuwa wameacha kucheka, wengine simu juu wananirekodi, walikuwa wanauangalia ule mkono. Nikauonyesha kwa mwiko nikasema, "Na huyu ni askari jela wake, hamwachii hata dakika." Mama, kisasi kilikuwa kitamu. Sikudanganyi, kilikuwa kitamu kuliko biriani ya harusi.

Sasa kiatu. Unajua taratibu, mtani akishika kitu chako unakikomboa. Maganga akatoa noti akanirushia, nikaisukuma kwa mguu. Akaongeza, nikakataa. Nikamwambia sitaki pesa, nataka dada yangu, amchukue au amwache, bila hivyo atarudi Ubelgiji na mguu mmoja peku. Ukumbi wote ukashangilia. Naye, kwa kutaka kuonyesha kwamba hajaumia, kwamba utani anauweza, akainuka, akanyoosha mkono huku anacheka, akasema, "Haya basi, Zaina nimemwacha. Lete kiatu."

Watu wakacheka tena. Lakini Sheikh aliyefungisha ndoa, mzee wa Unguja ambaye muda wote alikuwa anakunywa kahawa yake kimya, akaweka kikombe chini. Akauliza Zaina ni nani. Nikamjibu ni mke wake wa ndoa, dada yangu. Akamgeukia Maganga, akasema mambo matatu hayana mzaha, kuoa, kuacha na kurejea.

"Sheikh, huu ni utani," Maganga akasema. "Huyu ni mtani wangu."

"Utani ni wako na huyu. Talaka ni yako na mkeo."

Kisha akamweleza kwa upole, hata mimi nikashangaa upole ule. Hiyo ni talaka moja, alisema, mlango haujafungwa. Kama anamtaka mkewe, aseme sasa hivi kwamba amemrejea, mashahidi wamejaa humu ndani, halafu akamchukue kama mume anavyomchukua mke. Watu wakasubiri. Hamisi akamgusa kaka yake begani. Maganga akamwangalia Sheikh, akaangalia televisheni, ilikuwa imezunguka ikarudi kwenye ule mto. Halafu akaniambia taratibu, "Shemeji, naomba kiatu changu."

Nikampa kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Nikamwambia sasa aniite Rehema tu.

Nilirudi kukaa nikala sahani ya pili. Wapo waliosema nimevunja heshima ya harusi. Hata mama wa bi harusi aliniambia kisasi hakijengi nyumba. Nikamwambia nyumba ile haikuwepo, kulikuwa na simu tu. Sijutii, Mama, na ukinituma nimtafute tena kesho nitakwenda.

Sheikh amesema eda inahesabiwa tangu siku ile, na kwamba yeye mwenyewe atampigia Sheikh wa msikiti wetu ili isije ikaonekana ni maneno ya mitaani. Fatuma wa Korogwe, rafiki yangu anayerudi kwa basi, ndiye aliyeibeba barua hii pamoja na shali yako ya sufu na dawa ya kuchua.

Nisalimie Mjomba Athumani, fundi wetu wa matofali, mwambie suruali yake nimeikata lakini sijui tumbo limefika wapi. Nisalimie Shangazi Mwanaisha mwuza maandazi, na Bibi jirani anayefuga kuku wa kienyeji, na mke wa kaka. Watoto wanakubusu mkono.

Sasa la mwisho. Asubuhi baada ya harusi Hamisi alinipigia simu. Kaka yake alikuwa njiani kwenda uwanja wa ndege, na alikuwa amemtuma kwangu kwa jambo moja tu, kuwaomba wanawake walionirekodi wafute, yule mwenye bangili asije akaona. Nikamwuliza, kuhusu dada yangu amesema nini? Hamisi akasema, "Sister, hajamtaja."

Hilo Mama usimwambie Dada. Wala lile la Sheikh kumfungulia mlango wa kurejea akaomba kiatu. Mwambie Rehema alimbana Maganga mbele za watu mpaka akaropoka, na mimi ndiye niliyemvunjia ndoa yake. Atanikasirikia, atanizimia simu, pengine mwaka mzima. Mwache. Mimi ni mdogo wake, mimi atanisamehe.

Mwanao anayekuombea,
Rehema