Nani Aliitika Juu Kule

Jumamosi usiku. Baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye mifupa, na ukungu haujatoka hapa Kawangware 46 tangu asubuhi. Nimekunywa chai ya tangawizi, nimevaa sweta mbili, na bado natetemeka. Sidhani ni baridi peke yake.

Naandika kabla sijaanza kujidanganya.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba mimi ni fundi wa turubai. Nashona mahema ya harusi, vifuniko vya lori, viti vya magari. Mnajua pia nilivyoingia katika huu wazimu wangu: niliitwa kushona tanga lililochanika la mashua ya kujifurahisha, nikapelekwa Naivasha kulijaribu, na yule aliyeniita akaniambia nikae nishike usukani mwenyewe. Huyo ndiye Mwalimu Odhiambo. Ni fundi wa ndege aliyestaafu, anakaa Sarang'ombe kule Kibera, na hupenda kusimulia jinsi matanga meupe yalivyokuwa yakizunguka kwenye bwawa lililo chini ya mtaa huo kabla magugu hayajalifunika. Mashua nikaijua. Halafu akanionyesha glaida, ndege isiyo na injini, na mimi nikapotea kabisa.

Mama Njeri wa kanisani kwetu hachoki kunicheka. "Wewe Mama Kioko, watu wa rika lako wananunua mbuzi, wewe unakimbizana na upepo!" Namwambia mbuzi hajawahi kunibeba.

Ukweli ni huu. Baba Kioko, mume wangu, alipokuwa hai, yeye ndiye aliyeshika kila kitu. Yeye aliendesha gari, yeye aliamua njia, mimi nilikaa kando na kikapu magotini. Sikulalamika, nilimpenda. Lakini tangu tumzike kule Kitui, mwaka wa tatu huu, nimekuwa kama gari lililoachwa mteremkoni bila kuwekewa jiwe gurudumuni. Huko juu ndipo mahali pa kwanza ambapo mikono yangu ilipeleka kitu mahali nilipotaka mimi. Jumamosi ijayo nilikuwa niruke peke yangu kwa mara ya kwanza. Leo ilikuwa ya kuhakikisha tu.

Sasa nieleze vizuri, ili hata asiyejua aelewe.

Kwenye mashua, mwalimu unamwona. Kwenye glaida yetu, mwanafunzi hukaa mbele na mwalimu nyuma. Humwoni. Unasikia sauti yake tu, ikitoka nyuma ya kisogo chako. Kila mmoja ana usukani wake, fimbo inayosimama katikati ya magoti, na fimbo hizo mbili zimeunganishwa. Mmoja akisogeza yake, ya mwenzake nayo inasogea. Kwa hivyo kuna sheria. Mwalimu akitaka kukuachia, anasema, "Usukani wako." Wewe lazima ujibu, "Wangu." Asiposikia jibu, haachi.

Ni sheria nzuri. Lakini mimi nililelewa na nyanya Kitui, na nyanya alikuwa na sheria yake: ukiitwa kutoka nyuma na humwoni anayekuita, usiitike. Nyamaza mpaka umwone uso. Mimi nimeokoka, mizimu siifuati, lakini kitu ulichofundishwa ukiwa mtoto hakingoji ruhusa yako. Mwalimu amenigombeza mara nyingi kwa kuchelewa kujibu. Mimi husema ni kelele za upepo. Sijawahi kumwambia juu ya nyanya.

Mchana jua lilipasua ukungu kidogo pale kwenye kiwanja cha glaida. Winchi, ile mashine ya kukunja waya, ikatuvuta juu kama tiara, waya ukaachia, na kimya kikaja. Ninaposema kimya, simaanishi kutulia. Kawangware hata usiku wa manane kuna redio, kuna mbwa, kuna mtu anagombana na bibi yake. Huko juu kuna hewa tu, inapita kwenye bawa kama mtu anayevuta pumzi polepole na haitoi. Mwalimu ndiye aliyekuwa ameshika. Aliniambia nipumzike, nitazame mwewe wanapozungukia, kwa maana hapo ndipo hewa inapanda. Nikakunja mikono kifuani, nikaanza kuomba kimoyomoyo kama kawaida yangu.

Ndipo nikaitwa.

"Kavinya. Usukani wako."

Hakuna mtu duniani anayeniita Kavinya. Kanisani ni Sister Ruth, mtaani ni Mama Kioko. Kavinya lilikuwa jina la mume wangu kwangu, la nyumbani, mlango ukishafungwa. Hata watoto hawalijui.

Sikuitika. Niliuma ulimi, nikakaza mikono kifuani, nikangoja.

Hakikuja kitu kingine. Glaida ikainama upande mmoja, taratibu, ikaanza kuzunguka ndani ya ile hewa inayopanda. Nikaitazama fimbo katikati ya magoti yangu. Ilikuwa inasogea kidogo kidogo, huku, kule, kama kijiko mkononi mwa mtu anayekoroga uji na hana haraka. Nikajiambia, sawa, Mwalimu bado ameshika. Nimesikia vibaya. Tukapanda. Mwewe wakawa chini yetu. Nikaona mabati ya mji mbali, yaking'aa kama maji.

Na nikiri: nilisikia raha. Raha ambayo sijaipata tangu nivae nguo nyeusi.

Halafu Mwalimu akacheka huko nyuma. "Mama Kioko, leo umeiva! Hata mimi singeizungusha hivi."

"Pongezi ni zako, Mwalimu," nikamwambia. "Mimi sijashika."

"Wacha mchezo, mama."

"Haki ya Mungu, mikono yangu iko kifuani. Si ni wewe umeshika?"

Nilisikia akitaja jina la Yesu, na yule si mtu wa kutaja jina la Yesu. Akapaza sauti, "Wangu! Wangu! Nimeshika mimi!" Hapo tu ndipo glaida ikatikisika, kama mtoto anayepokonywa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Akatushusha moja kwa moja mpaka magurudumu yakagusa nyasi.

Chini alivua kofia akabaki ameishika. Jasho lilikuwa likimtoka na baridi ile yote.

"Nilikwambia, 'Mama Kioko, usukani wako,'" akasema. "Ukanijibu, 'Wangu.' Nikaachia. Mikono yangu ilikuwa juu ya mapaja wakati wote."

"Sikukujibu, Mwalimu."

"Ulinijibu. Kwa sauti yako hii hii. Na ukacheka kidogo."

Nikamweleza yote. Nyanya, na jina, na aliyekuwa akiliita. Alisikiliza akiangalia glaida, si mimi. Mwisho akauliza, "Kwa hivyo nani alikuwa anaendesha?"

Nimefika nyumbani nikamsimulia binti yangu Mwende. Aliweka simu chini, na hilo nalo ni muujiza. "Mathe, si hiyo ni kujitafutia balaa? Achana na hiyo kitu. Rudi kwa mashua, angalau huko ukianguka unaogelea." Nikamkumbusha kwamba sijui kuogelea. Tukacheka, lakini amekuja na blanketi yake, anasema leo atalala chumbani kwangu.

Nimeomba. Nimeuliza kama ni mume wangu, kama ni adui, kama ni masikio ya mwanamke mpweke. Kanisani tunafundishwa kwamba Mungu akikuita, uitike. Nyanya alinifundisha ninyamaze. Mimi nilinyamaza, na kuna aliyeitika kwa niaba yangu. Sauti iliyoniita hainiogopeshi sana. Ile niliijua. Inayoniogopesha ni ile iliyojibu, kwa sababu Mwalimu ananijua, na anasema ilikuwa ya kwangu.

Saa ya chajio simu ikalia. Alikuwa Mwalimu. Nilidhani ataniambia tusahau mambo ya kuruka peke yangu. Ikawa kinyume.

"Jumamosi utaruka bila mimi," akasema. "Siketi tena nyuma yako, mama, usinikasirikie. Nikikuachia usukani, sitajua ninayemwachia ni nani. Ukiwa peke yako, angalau hakuna wa kuuliza na hakuna wa kujibu. Lakini ukikataa, nitaelewa, na tutabaki marafiki. Uamuzi ni wako."

Uamuzi ni wangu. Maneno hayo sijaambiwa mara nyingi maishani.

Nikamwuliza kile kiti cha nyuma kinafanywaje kikiwa kitupu. Akasema mikanda yake hufungwa na kukazwa vizuri, kama kwamba kuna mtu, ili isicheze ikanasa usukani. Nikamwambia nitaifunga mwenyewe, asinisaidie. Nitakuja. Sitamrudishia mtu yeyote kitu nilichokipata nikiwa na nywele nyeupe, awe hai au awe amelala Kitui chini ya mchanga.

Nimekata simu, na sijajuta.

Mwende ameshalala. Anakoroma kama marehemu baba yake. Kesho ni Jumapili, na mimi ndiye wa kuanzisha nyimbo. Nitasimama mbele ya watu wote, nianze peke yangu kabla kwaya haijaingia, na nisikilize vizuri kama sauti inayotoka ni yangu.