Jiko la Peleti na Mahindi ya Mama

Jumapili, Novemba inaelekea mwisho. Niko Mbozi, nyumbani kwa Mama. Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi, na juzi ilinyesha mvua ya kwanza, ile ya kupandia.

Nina masizi mpaka kwenye kope. Naandika hivi hivi, sijanawa.

Leo niseme ukweli. Mwezi wa sita niliweka hapa picha ya jiko nililomfungia Mama, mkanipongeza, mkasema nina moyo wa dhahabu. Moyo gani! Lile jiko nililinunua kwa hasira.

Ilianzia msibani. Jirani yetu alifariki, tukakaa wanawake uani tunamenya viazi. Shangazi, dada wa marehemu baba, akapaza sauti kila mtu asikie: "Wenzetu wana ghorofa Tunduma, mama zao wanawakausha kwa moshi kama samaki wa Rukwa." Mwenye ghorofa ni mimi. Wanawake wakainamisha vichwa wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kujifunika na kanga. Mama alikuwepo, anakohoa vilevile. Alikuwa na miaka mingi akikohoa, na daktari alishasema ni moshi wa kuni.

Nikamjibu Shangazi kwamba yeye kazaa watoto sita na hakuna hata mmoja aliyewahi kumnunulia kandambili. Chini kweli alikuwa peku. Kila mtu akamtazama miguu.

Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kitenge. Hujibizani naye, sembuse msibani. Sikuomba radhi, na usiku ule nililala fofofo.

Basi nikaanza kutafuta jiko la kumziba mdomo. Mimi ni wakala wa forodha hapo mpakani, mizigo ya watu inapita mikononi mwangu kila siku, na upande wa pili, Nakonde, kuna mfanyabiashara anayeuza vitu vya mitumba vinavyotoka kusini. Akaniita "ba mayo", yaani mama, kwa heshima zote na kunionyesha majiko matatu. La kwanza la makaa ya mawe. Nikalikataa, ile harufu yake ndani ya nyumba ingemmaliza Mama mapema kuliko kuni. La pili la peleti, zile punje za pumba za mbao na maganda ya kahawa zilizoshindiliwa. Halina umeme, punje zinateremka zenyewe kwa uzito wake. La bei nafuu, rahisi kwa mtu mzima wa kijijini. La tatu la peleti pia, lakini lina parafujo inayosukuma punje, feni ya kutoa joto, na mlango wa kioo.

Nikachukua la tatu. Kwa sababu ya kioo. Nilitaka wageni wakiingia sebuleni kwa Mama wauone moto, waende wakamwambie Shangazi.

Umeme wa kijijini nilikuwa naujua. Ikabidi ninunue na betri.

Fundi wangu, Lameki, ni hodari wa mageti. Jiko kama hili alikuwa hajawahi kuliona, ila hakusema. Alifunga bomba la bati jepesi, akalikunja mara mbili kabla halijafika nje, na tulipowasha moshi wote ukarudi sebuleni. Nikamfokea mpaka majirani wakatoka. Tukaanza upya: jukwaa la saruji chini, jiko likae mbali na ukuta, bomba la kuta mbili lisiunguze dari, litoke moja kwa moja ukutani na kupanda hadi juu ya paa, na kofia ya kuzuia mvua. Lilipowaka safari hii, kule nje hukuona moshi kabisa. Hewa tu inatetemeka.

Sasa nije kwenye lile ambalo sikuliandika.

Siku hizo Mama alikuwa amelazwa kwa ajili ya kifua. Siku tatu. Ndani ya siku hizo tatu nikambomolea jiko lake la nje, kile kibanda cha kuni. Nilijua akilikuta limesimama atakwenda kukaa humo kama siku zote, na jiko langu litabaki pambo. Nikang'oa nguzo, nikasawazisha, nikapanda maua. Mafiga yake matatu nikayatumia kuzungushia bustani. Nilijiona mbunifu.

Mama akarudi, akasimama uani na mfuko wake wa dawa mkononi. Hakuuliza jiko.

"Mahindi yangu yako wapi?"

Nikamwambia nimeyaweka stoo, kwenye gunia jipya, safi.

"Huko hakuna moshi, Enesi."

"Mama, moshi ndio unaokuua."

Akaingia ndani. Nikadhani nimeshinda.

Kwa asiyekulia huku, nieleze. Mbegu huning'inizwa juu ya moto. Unachagua mahindi bora siku ya kuvuna, unayafunga mawili mawili kwa maganda yake, unayatundika juu ya mafiga mpaka yanakuwa meusi tititi. Moshi unamfukuza dumuzi, yule mdudu anayekula mahindi na kuacha unga. Mbegu ya Mama alipewa na bibi siku anaolewa. Mahindi mafupi, meupe, mazito, ugali wake hata bila mboga unashuka. Kila mwaka amepanda, kila mwaka amechagua, kila mwaka ametundika.

Na mimi nilikuwa nayajua yote hayo! Nilipokuwa mdogo nilichapwa kwa kuiba hindi moja hapo juu nikalichome. Kosa hili angelifanya mgeni wa mjini ningemcheka. Nimelifanya mimi, niliyezaliwa hatua kumi kutoka kwenye moto ule.

Niwe mkweli pia kwa jiko. Lilifanya kazi. Julai yote ya baridi, ile ambayo ukitema mate yanafika chini yamepoa, Mama alikaa mbele ya kioo amenyoosha miguu. Peleti aliziita chakula cha kuku. "Kuku wako ana njaa," ananiambia kwa simu, maana yake nilete mfuko mwingine. Na kikohozi kikaisha. Nilikuwa nampigia simu nasikiliza tu anavyovuta pumzi, safi, bila kile kifilimbi cha kifuani. Tangu nipate akili sikuwahi kumsikia Mama akipumua namna hiyo.

Jumatatu iliyopita alinipigia kwamba mawingu yamekaa vizuri, nije tupukuchue mbegu. Nikaja. Nikalibeba gunia kutoka stoo na kabla sijalifungua nikajua. Lilikuwa jepesi.

Mama akaingiza mkono. Ukatoka mweupe mpaka kwenye kiwiko.

"Umenihifadhia unga," akasema.

Hakulia. Afadhali angelia. Aliendelea kutoa hindi moja moja, anaweka mkekani, anageuza, anaweka. Hakuna hata moja lililokuwa na punje nzima.

Mnajua nilifanya nini? Nilikwenda sokoni Mlowo, nikatafuta mahindi meupe mafupi yanayofanana, nikayapaka masizi kidogo, nikarudi kumwambia nimeyakuta mengine mazima nyuma ya mlango wa stoo. Kwa mama yangu mzazi, nikatunga uongo wa kitoto namna ile. Mama akapukuchua punje moja, akaitia mdomoni, akaiuma. Akatafuna taratibu. Kisha akanisogeza kando kwa mkono, si kwa nguvu, na kuliweka pembeni karai la mahindi yangu.

"Haya ni ya kusaga."

Basi. Hakuniuliza nimeyatoa wapi.

Mbegu ile ilikuwa imebaki kwa mtu mmoja tu duniani. Mwaka mmoja wa njaa mtu huyo alikula mpaka mbegu zake, Mama akampa mahindi machache aanze upya. Mtu huyo ni Shangazi.

Nilikwenda jana. Pamoja na tope lote, nikapiga magoti uani kwake, nikiwa na sketi yangu ya ofisini, nikamwamkia kama inavyopasa. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Akaniacha palepale chini akaendelea kuchagua. Nikaomba radhi kwa maneno ya msibani. Nikaomba mbegu. Nikasema nitalipa chochote.

"Hela zako kaa nazo," akasema. Akatoa mguu chini ya kitenge akauinua kidogo. "Kandambili ninazo."

Zilikuwa mpya, za bluu. Sijui alinunuliwa na nani.

"Nataka lile jiko."

Nikadhani anatania. Nikamwambia Shangazi, Mama ana kifua, jiko lile ndilo linalompa pumzi, kwako kuna watoto, kuna wakwe, wewe mzima. Akapuliza makapi ya maharage kuelekea upande niliokuwa nimepiga magoti.

"Na mimi nina kifua. Hujawahi kuuliza."

Mbegu anayoniuzia ni ya mama yangu! Alipewa bure! Nilitaka kumwambia hivyo, maneno yakafika kwenye meno. Nikayameza. Mara ya mwisho nilipoyaacha yatoke ndiyo iliyonifikisha pale.

Nikarudi nikamweleza Mama kila kitu. Na hapa ndipo ninapojiona mbaya kuliko kote. Sikumweleza ili aamue. Nilimweleza ili aseme, acha mwanangu, afya kwanza, mbegu zipo madukani. Nilitaka anisamehe bila mimi kutoa kitu.

"Ling'oeni kesho baada ya ibada," akasema.

"Na kifua, Mama?"

"Kifua ni changu, Enesi. Mbegu si yangu."

Nikabembeleza. Nikasema nitanunua jiko jingine kabla baridi haijarudi. Akasema nilete tu, atapata mahali pa kuwekea sufuria. Nikasema basi tutafute mtu awe anawasha moto wa mahindi nje, yeye akae ndani.

"Nani? Wewe?"

Akanitazama akisubiri nijibu. Mimi kesho kutwa natakiwa niwe mpakani, kuna magari yananisubiri. Hilo analijua.

Leo Lameki amekuja na spana zake. Kufunga kulituchukua siku mbili, kufungua hata saa moja haikufika. Pale bomba lilipotokea pamebaki tundu la duara ukutani, tumeliziba kwa gunia. Lilelile gunia.

Shangazi alifika na mkokoteni wa ng'ombe. Mahindi kumi na mawili, meusi, mazuri, yamefungwa mawili mawili. Akakumbatiana na Mama, wakachekeana, wakaulizana habari za miguu na za kanisani, kama wanawake wawili waliobadilishana kuku. Lameki akamweleza Shangazi jinsi ya kumwaga peleti na kuondoa majivu. Mimi nikabeba mifuko ya peleti mpaka kwenye mkokoteni. Hakuna aliyenisema vibaya. Hakuna aliyenisema kabisa.

Ng'ombe walipoondoka, jua dogo likapenya ukungu likapiga kwenye kile kioo nilichokuwa nakitaka. Wageni wa Shangazi wataona moto vizuri sana.

Mama akaenda kwenye bustani yangu, akayang'oa mafiga yake moja baada ya jingine, akafuta udongo kwa kanga. Tukasimamisha miti minne pale jiko lake lilipokuwa, mabati mawili ya zamani juu, plastiki kwa upande wa upepo. Mahindi sita tunapanda kesho. Sita akayatundika, ya akiba, mvua ikikatika katikati tupande tena. Alipanda juu ya kigoda mwenyewe. Alinikataza kugusa kamba.

Akashuka, akakaa kwenye kile kigoda, akakunja kanga magotini.

"Washa," akaniambia.

Kuni zilikuwa na unyevu wa juzi. Nimepuliza mpaka kichwa kikazunguka. Moto ulipokamata, moshi ukajikusanya chini ya mabati, ukayafikia mahindi, kisha ukashuka ukamkuta Mama.

Akakohoa.

Mara ya kwanza tangu Julai. Nikaacha kupuliza nikamtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kile kifilimbi nilikisikia kule ndani kimerudi mahali pake, kama hakikuwahi kuondoka. Nikataka kuzitoa kuni. Nilishanyoosha mkono.

"Mbegu hazijapata moshi wa kutosha," akasema Mama, akikohoa. "Ongeza."

Nikaongeza.