Sasa Msalaba Unasema Habineza

Mwaka umetimia leo, Habineza, tangu uliposhika kifua pale kwenye meza yako ya ufundi Majengo, ukamwomba mteja maji, na maji yakafika umeshakwenda.

Tunakuandikia sisi wa nyumbani, na zaidi tunakupa habari za mke wako Clotilde, maana yeye mambo yake hayasemi. Unamjua.

Bado anapika bugali wa watu watatu. Binti yenu Gisubizo anasoma Bukavu sasa, kwa hiyo sehemu mbili zinalala chunguni. Tunamgombeza, "Clotilde, punguza unga!" Anaitikia, na kesho anapika vilevile. Nyumba imemzidi ukubwa.

Wewe ulikuwa mtu wa mikono. Moto wa umeme ukikatika, mtaa mzima ulileta simu kwenye paneli yako ya jua, na kila moja uliibandikia karatasi yenye jina la mwenyewe. Wao walikuita Grand wa Benny, kaka mkubwa wa Benny, basi. Nani hamjui Benny Munezero, na programu zake za simu, na picha yake kubwa kule Himbi? Kompyuta yake ya kwanza uliiunda wewe, kwa vipande vya mashine tatu zilizokufa. Siku aliposema kwenye televisheni kwamba alianza peke yake, Clotilde aliwaka. Wewe ukacheka.

"Acha, Mama Gisubizo. Mutoto akisimama mbele ya watu anasahau."

Loo, moyo gani huo! Sisi tulikasirika kwa niaba yako.

Siku ya kilio chako simu zililia kutoka kila upande, watu wakidhani aliyekufa ni Benny. Clotilde ndiye aliyezipokea. Aliposema, "Hapana, ni grand yake," mmoja alishusha pumzi: "Aa, Mungu asifiwe." Neno hilo halijamtoka sikioni. Kisha vijana wa avenue yetu, hapa mtaani, kwa nia njema kabisa, wakaandika msalabani: GRAND WA BENNY. Hawakujua jina lingine. Tulikuzika hivyo, na aibu ni yetu.

Tulipokutana kupanga kumaliza kilio, Clotilde alikuwa na ombi moja tu: msalaba ubadilishwe. Mjomba wako, muzee Bahizire, alisema tuuache, wageni wasipotee makaburini.

"Aliishi chini ya jina la mutu mwingine, muzee," Clotilde akasema. "Hatalala chini yake."

Muzee akakubali. Tukampigia Benny, huko mbali aliko, atukumbushe tarehe yako ya kuzaliwa, maana hata sisi hatukuwa na uhakika nayo. Hakuijua. Alilia kwenye simu, akasema hata jina lako hajawahi kulitamka, tangu utoto ni Grand tu.

Jumamosi msalaba mpya ukasimama kwenye mawe meusi ya volkano: HABINEZA GRÉGOIRE. Tulidhani Clotilde atatulia. Alirudi, akakaa jikoni, akatuuliza, "Sasa jina hilo nani atalisoma?"

Juzi akapiga hodi mama mmoja kutoka Kiwanja, kikapu cha maharagwe kichwani. "Ni hapa kwa Habineza? Alinitengenezea moteri ya kinu, siku mbili amelala chini ya mashine. Nimekuja kumushukuru."

Clotilde alisimama mlangoni. Kwa mazoea akauliza, "Unatafuta grand wa Benny?"

"Benny njo nani?"

Ikabidi aambiwe. Yule mama alishusha kikapu, akaketi chini palepale, akakulilia kwa sauti, "Yoo, Habineza we! Habineza!" mpaka majirani wakatoka nje. Clotilde akaketi kando yake, wakalia pamoja. Mwaka mzima alikuwa analia peke yake.

Wanaokukumbuka: mke wako Clotilde, binti yako Gisubizo, dada yako Émérance, aliyeandika haya, mdogo wako Benny, muzee Bahizire, na Mama Annonciata wa Kiwanja.

Siku zote tutakutaja kwa jina, Habineza.