Masista Wana Mabenchi Matupu, na Wewe Unalia

Mwanangu mwalimu, uliye huko chini kwenye misheni,

Acha kulia! Sikukusomesha ili uniletee barua yenye machozi. Unasema wasichana wote wanakimbilia shule ya mchanganyiko, wanakosoma na wavulana, na Mama Mkubwa wa masista atafunga shule yenu ya wasichana ikibaki tupu hivi. Unaniuliza kwa nini. Wewe uliza miguu yako!

Umesahau siku tuliyoshuka kutoka kwetu Muheto, nikupeleke kwa masista? Wewe na mkeka kichwani, mimi na kibuyu cha maziwa. Wanawake waliokuwa wanalima wakasimama.

"Mama, huyu iko wa nani? Karani gani amemuweka kwa masista?"

"Iko wa mimi!"

Walicheka mpaka wakaegemea majembe. Maana makarani ndio walikuwa wanaweka wachumba wao kule, wafundishwe mapishi ya kizungu kabla ya ndoa. Msichana akionekana kwa masista, watu wanajua ameshaposwa. Toka siku ile hakuna mzee aliyeleta pombe kwetu kukuulizia. Baba yako akaninunia msimu mzima: "Umemufungia mutoto njia!"

Tena shuleni kwenu wasichana wanalala hukohuko. Nani atasukasuka maziwa asubuhi yatoe siagi? Nilisukasuka peke yangu, bega hili la kuume linajua. Kule kwa mchanganyiko mtoto anakamua, anasoma Kifaransa pamoja na kaka zake, jioni yuko nyumbani. Wewe likizo ya kwanza uliniletea nini? Kitambaa cha meza! Nyumba yenyewe haikuwa na meza. Nilifunikia kibuyu, na mpaka leo ninafunikia.

Lakini likizo ya pili, mama jirani alikuja na barua ya mume wake aliyekuwa kazini Walikale. Siku zote shemeji yake ndiye aliyekuwa anamsomea, na yale maneno ya mapenzi anayaruka kwa haya. Wewe ulisoma yote. Yule mama alificha uso kwenye kitenge, akacheka, akasema, "Rudia pale." Ukarudia. Nilikuwa mlangoni na mikono yangu ya maziwa. Moyo wangu ulijaa, mwanangu, ila sikukuambia, usije ukavimba kichwa.

Herufi hizi ninazoandika nilizipata kwenye katekismo, ni chache, na bega linauma. Basi sikia. Waambie masista vitambaa vya meza vipungue, Kifaransa kianze. Wasichana wa karibu warudi nyumbani jioni wakakamue. Na Jumapili hii, misa ikiisha, panda huku usimame mbele ya akina mama wote uwasomee barua zao, halafu uwaambie: mimi niliingia kwa masista bila karani.

Jumatatu tutashuka pamoja na Furaha, binti wa kaka yako. Amelia ili aende kwa masista, si kama wewe unayelia ili urudi. Maziwa nitasukasuka mimi tena. Futa vumbi kwenye benchi la mbele!

Mama yako, bibi wa huyo ninayemleta