Likizo ya Wiki Tatu

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo? Presha yake je? Mimi sasa nina nafuu.

Hii msomee Mama polepole. Kule kiwandani ninakokagua mayai kwenye taa, nilianza kulia nikashindwa kunyamaza. Mkanda unaopitisha mayai ukaendelea, mayai yakapasukia sakafuni, na mimi nimesimama tu. Nililazwa wiki tatu hospitali ya wagonjwa wa akili. Nimetoka, natumia dawa. Mwambie asiogope, ila ajue.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, presha ya Mama imetulia. Nimemsomea barua, amefurahi mno kwamba umepata likizo ya wiki tatu. Ameshawasimulia mtaa mzima. Usisahau kula.

Dada

11 Aprili

Dada,

Shikamoo, ingawa leo inanitoka kwa shida.

Likizo? Nililala chumba kisicho na kitasa kwa ndani. Daktari akaniuliza nani wa kwetu atajua, nikamjibu kifua mbele: Mama. Umenifanya mwongo. Mjomba alipougua hivi tulisema yuko safarini, kumbe kafungiwa chumba cha uani. Akafia huko huko "safarini". Mimi sitaki kufia likizoni. Msomee kama nilivyoandika, la sivyo barua zangu usizisome kabisa.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu,

Hali yako? Nimekaa kimya kwa hasira. Wewe uko mbali. Anayemshika Mama presha ikipanda ni mimi, peke yangu. Niliogopa, basi.

Jana nimemsomea barua zako zote mbili, neno kwa neno. Hakulia. Leo asubuhi alijitanda khanga akatoka bila kuaga. Aliporudi akaniambia nichukue kalamu, na nisichuje kitu. Anasema:

"Mwanangu, nilimshukuru Mungu mbele za watu kwa likizo yako. Kumbe nashangilia maradhi yako. Leo nimerudi kila mlango nilikoitangaza, nimewaambia mwanangu aliugua akili na anatibiwa. Aliyecheka nimemwachia kicheko chake. Ufunguo wa chumba cha mjomba wako nilikuwa nao mimi, kiunoni. Sitaushika mara ya pili. Dawa unameza saa ngapi? Nani anakuamsha? Nijibu upesi, nitasomewa na fundi cherehani wa hapa mtaani. Dada yako nimempa likizo."

Mama,
kwa mkono wa dada yako