Punje ya Pili ya Kahawa

Morogoro, Jumapili baada ya Misa ya kwanza

Kaka Projesti,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Mnaendeleaje huko Kamuli, wewe, wifi na watoto? Wifi ameanza kukanyagia ule mguu alioteguka migombani? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa kuinamia cherehani, maana kwaya tatu zimetaka sare kwa mpigo. Ningekupigia, lakini simu yako unaiweka sauti ya juu na baba yetu Taata anasikia kila kitu. Kwa hiyo barua hii naipakia kwenye basi la kesho; isome ukiwa shambani, peke yako.

Nianze na kilichoniuma. Uliniambia, tena kwa furaha, kwamba Mwalimu Fidelis, huyo mgeni wa shule ya msingi, anakuja kila Jumapili baada ya jumuiya kumsomea Taata vitabu. Nikasema sawa, macho ya Taata hayaoni tena, na wewe ukisoma kwa sauti unasinzia kabla ya msikilizaji. Kisha ukaongeza, "Na Taata amempasulia kahawa." Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Unajua nyumbani kwetu hiyo ni nini. Taata akitoa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu chake, akaipasua, punje moja ni yake na ya pili ni yangu mimi ninayemsomea. Tangu niko darasa la tatu! Wewe mtoto wa kwanza hukuwahi kupewa. Leo anapewa mtu ambaye hata kumenya matoke hajui.

Hukuishia hapo. Ukasema Mwalimu amemweleza Taata mwisho wa kile kitabu cha mtawa wa pangoni, ati alikisoma chuoni. Kitabu chetu, Kaka! Kile ambacho mchwa walikula kurasa za mwisho, pale mtawa anaposhika njia kurudi kumwona mama yake mgonjwa. Miaka yote hiyo Taata anauliza, "Alimkuta?" na sisi tunabishana. Tangu nije huku sijapita meza ya vitabu vya mitumba bila kuinama. Chumba changu kimejaa novena zisizo na majalada, na sasa hivi nasoma maisha ya watakatifu yenye madoa ya mafuta ya taa, nimefika nusu. Lakini niliyekuwa namtafuta ni yule mtawa, ili niwe mimi wa kumjibu Taata. Fidelis akaniwahi. Akasema mtawa alifika, mama akamkaangia uji wa ulezi, wakala pamoja.

Hata uji haukaangwi. Pale pale nilianza kumtilia shaka.

Alhamisi nikakiona. Kwenye turubai, katikati ya viatu na vitabu vya mapishi. Muuzaji akaniambia, "Mama, hicho kimechakaa, nikupe kizuri." Nikamwambia nataka hicho hicho. Nilimbadilishia zipu ya begi lake, akanipa. Nikafungua mwisho nimesimama juani.

Hakumkuta, Kaka. Alifika matanga yameshaanuliwa, majani yameota kaburini, jirani akamwonyesha mahali.

Nitakuambia ukweli kama ninavyouungama kwa padri: nilifurahi. Nilirudi kibandani nacheka mwenyewe. Nimemkamata mwongo! Nikaandika ujumbe wa kukutumia umsomee Taata, na mwisho nikaweka, "Sasa arudishe kahawa yetu."

Sikuutuma. Nilikaa na shati la kwaya mapajani, nikajiuliza: na mimi Taata angenigeuzia uso wake ule, macho yamefumba, akaniuliza, "Alimkuta?" ningemjibu nini? Mwanawe aliye mbali, kama yule mtawa, ni mimi. Mara ya mwisho nilipokuja, bado alikuwa anaisoma mwenyewe ratiba ya Misa ukutani. Fidelis alidanganya, ndiyo. Lakini alikuwa amekaa pale.

Bado namwonea wivu, tena sana, usije ukadhani nimekuwa mtakatifu. Lakini msimuumbue. Kitabu nakiacha huku, chini kabisa ya sanduku la vitambaa. Sare namkabidhi mwenzangu azimalizie, na Jumatano napanda basi. Nakuja na hao watakatifu wenye mafuta ya taa, nitaanzia pale nilipofika.

Msalimie wifi, mwambie kitenge chake nakileta kimeshashonwa. Nisalimie mama mdogo wa Bugomora na mwenyekiti wetu wa jumuiya. Na Mwalimu pia msalimie, basi. Akija Jumapili mpe kiti, mpe chai. Ila mwambie Taata kikapu asikifungue mpaka nifike.

Mdogo wako, niliye njiani,
Editha