Friji ya Baba Inasema Ipo

Hamisi mdogo wangu,

Nakuandikia gazetini kwa sababu namba yako haipatikani na sijui unalala wapi. Sitarajii uisome barua hii. Nimeripoti habari za mpakani miaka ya kutosha kujua kwamba mtu asiyetaka kutafutwa, akishavuka Malaba kuingia Kenya, haonekani tena. Lakini tangu uondoke nimechunguza jambo moja linalokuhusu, na nilichokiona ni chako kabla hakijawa cha mtu mwingine.

Nianze na siku uliyonipeleka darasani kwenu Tororo. Somo liliitwa Utangulizi wa Usanifu wa Mifumo ya Maikrokontrola, jina refu kuliko chumba chenyewe. Mwalimu wenu aliinua kijipande cheusi chenye miguu kama ya mdudu, akasema, "Kompyuta ya mezani inajua mambo mengi. Hii mtaifundisha jambo moja, nayo italifanya hilo moja mpaka ife." Ukaninong'oneza, "Kama Baba na mahindi." Nikacheka, watu wakageuka. Awori wa Masafu, uliyekuwa ukikaa naye meza moja, akaniambia, "Wewe ndiye dada wa gazeti? Andika basi kwamba Hamisi ameunguza taa zote za meza yetu."

Kila mwanafunzi alitakiwa atengeneze kifaa cha kutatua shida ya nyumbani kwao. Wengine walichagua mashine za kutotolea vifaranga, mwingine pampu ya bustani. Wewe ukachagua friji ya Baba, na darasa zima likaanza kukuita Daktari wa Friji. Hukujali. Ulikuwa na sababu.

Baba aliishi kwa sindano za insulini, dawa ya kisukari inayoharibika kwa joto, tangu ukiwa shule ya msingi. Kabla ya friji aliitunza kama wagonjwa wengi wa kwetu Busia, upande wa Uganda, wanavyoitunza: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, na mchanga huo unamwagiwa maji asubuhi na jioni. Hata friji ilipokuja, chungu kilibaki kwenye kona ya jikoni. Umeme ukikatika tu, Baba alihamisha chupa zake chunguni bila kumwomba mtu ushauri. Alikuwa na wasiwasi wa mfanyabiashara wa mahindi, ambaye huuma punje mwenyewe hata akiambiwa yamekauka.

Ulikuja na kifaa chako kwenye kopo la siagi. Senso ya kupima joto ilining'inia ndani ya friji karibu na chupa, waya ukapita kwenye mpira wa mlango, na nje kulikuwa na betri yake na kijisimu chenye laini ya Uganda. Joto likipanda, kilitakiwa kututumia ujumbe, mimi na wewe.

"Injinia," Baba akakuuliza, "hii kitu inakula nini?"

"Betri, Baba. Umeme ukienda, yenyewe inabaki."

"Na mimi nikienda?"

"Wewe hatujakuwekea senso bado."

Mama akadakia kutoka uani, "Mimi niko na presha, hakuna anayeniwekea kopo. Friji ndiyo mgonjwa!"

Ulichomoa friji ukutani, mlango ukaachwa wazi. Nikiwa kazini Tororo simu yangu ikalia: FRIJI IMEPATA JOTO. Nilipopiga, nilisikia nyumba nzima ikishangilia. Ulirudia jaribio hilo mara nyingi na halikukosa hata mara moja. Baba akatangaza msikitini kwamba mwanawe amesomea friji. Chungu kikatolewa nje, na kuku wa Mama akakifanya kiota.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Nitayasema kama nilivyoyapata kwa Mama, nilipomuuliza taratibu, si siku moja.

Dhoruba iliangusha nguzo na Busia ikakaa bila umeme siku kadhaa. Mama alimwambia Baba ahamishie dawa chunguni, na kuku angefukuzwa. Baba akakataa. Alisema mlango wa friji usifunguliwe, baridi isitoke. "Mashine ya Hamisi imenyamaza," alimwambia. "Ingekuwa mbaya ingesema. Mtoto amesomea hii kitu, Mama Hamisi." Simu ya Mama ilikuwa imeisha chaji. Wewe ulikuwa kwenye mitihani. Mimi nilikuwa Malaba kwenye foleni ya malori, na simu yangu haikulia. Baba akaendelea kujidunga dawa ile ile.

Tulipomfikisha hospitali alikuwa hatutambui. Alipofariki, daktari aliniambia sukari ilikuwa juu sana na kidonda cha mguu kilikuwa kimeoza, na kwamba hawezi kusema kipi kati ya hayo kilimuua. Niliandika maneno hayo hapo hapo kwa sababu nilijua utayauliza. Hukuyauliza. Tulimzika kabla ya alasiri. Uliingia jikoni, ukafungua friji, ukaishika ile chupa ya insulini ukiwa umesimama. Kesho yake hukuwepo. Dereva mmoja alikuona Malaba ukipanda lori lililokuwa linaelekea Kenya. Hukufika kuonyesha kazi yako mbele ya mwalimu.

Nimekutafuta kama ninavyotafuta habari. Nimeongea na madereva, mawakala wa forodha na wauza chai wa pande zote mbili. Wakala mmoja aliniambia kuna kijana Mganda anatengeneza simu katika mji fulani njiani. Nilikwenda. Alikuwa kijana mpole wa Kisoko, akanikaribisha soda. Hakuwa wewe.

Sasa hilo nililolichunguza. Nilimwomba Awori aje nyumbani. Alikitazama kifaa chako, akakiwasha, akachomoa friji, ujumbe ukaja. Akasema, "Dada, kazi ya Hamisi ni safi." Nilitamani tuishie hapo. Nikamwomba tusubiri umeme ukatike wenyewe, siyo kwa mkono wetu. Hapa kwetu hilo halihitaji subira ndefu. Ulipokatika alikuja tena na kompyuta yake, akaiunganisha na kile kijisimu, tukakaa jikoni tukitazama.

Kwa saa chache kila kitu kilikuwa sawa. Kisha betri za mnara wa simu wa upande wetu zikaisha, na kijisimu chako kikafanya kile ambacho kila simu ya Busia hufanya: kikavuka. Kikashika mnara wa Kenya, wenye mawimbi ya nguvu, na kikaridhika. Laini haikuwa imeunganishwa kutumika ng'ambo. Joto lilipopanda kilituma ujumbe, ukakataliwa, kikatuma tena, ukakataliwa. Hakikuwa kimenyamaza. Kilikuwa kinapiga kelele upande ambao hakina mtu.

Ulipokuwa ukichomoa friji kwa mkono, mnara ulikuwa na umeme. Ndiyo maana hukuliona. Wewe uliyekulia hapa, unayejua kona ya ua ambapo simu huvuka na kona ambapo hurudi, unayetembea na laini mbili tangu sekondari, ulikitengeneza kifaa hicho kwenye meza ya Tororo, ambako simu haina mpaka wa kuvuka.

Ningependa kukuandikia kwamba kifaa hakikukosea. Kilikosea. Na ningependa kusema kidonda ndicho kilichomuua Baba. Sijui. Daktari hakujua, na mimi sitaongeza neno ambalo daktari hakulisema. Najua jambo hili tu: hukufanya uzembe. Ulijaribu kila ulichofikiria, na hiki hukukifikiria. Sijui kama hilo linakusaidia. Mimi halijanisaidia.

Nilimpelekea mwalimu wako maelezo ya Awori. Aliyasoma, akafunga mlango wa maabara na kukaa. Siku hizi, Awori ananiambia, somo la kwanza limebadilika. Kabla ya kuwasha taa yoyote anawaambia wanafunzi wapya kwamba kifaa kisichoongea kihesabiwe kimekufa mpaka kithibitishe vinginevyo, kwa hiyo kila watakachokitengeneza lazima kiseme pia kwamba ni kizima. Hakutaji. Kwenye kabati kuna nafasi ya kazi za mwaka wenu, na ya kwako iko wazi. Aliniambia angekusahihishia hata leo. Nilimjibu kwamba nitakufikishia salamu, na nilipokuwa nikisema hivyo nilijua siwezi.

Nimehamia kwa Mama. Hazungumzi juu ya insulini. Kuku alipomaliza kutotoa, Mama alikiosha chungu, akakijaza mchanga, akakirudisha kwenye kona yake, na asubuhi na jioni anakimwagia maji. Hakina kitu ndani. Sijamuuliza.

Anakuzungumzia wewe, tena kwa raha. Majirani wakiuliza, huwaambia, "Hamisi mzima. Angekuwa na shida angepiga. Mtoto hanyamazi akiumwa." Jirani yetu mchokozi, yule muuza mitumba, alimwambia, "Mama Hamisi, wa kwangu alinyamaza hivyo hivyo, akarudi na mke." Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa nimekaa pale. Hayo ni karibu maneno yale yale ya Baba, Hamisi, aliyoyasema mbele ya friji iliyofungwa, na anayeyasema ni yule yule aliyemwambia atumie chungu. Nimeshindwa kumkumbusha.

Awori alikimalizia kifaa chako. Alikiwekea laini ya pili, ya Kenya, ili kikivuka kiwe na cha kusemea, na akakifundisha kutuma neno moja kila asubuhi joto likiwa sawa. Kwenye friji hakuna dawa siku hizi, ni maziwa na maji ya kunywa. Nilimwambia hakuna haja. Akasema kazi ya mtu haiachwi nusu.

Kwa hiyo kila asubuhi, tukiwa kwenye chai, simu yangu inalia. NIPO. Mama anaweka kikombe chini.

"Hamisi?"

"Friji, Mama."

"Basi ni nzima," anasema, na kuinua kikombe chake.

Sikuombi urudi. Sikuulizi uko wapi wala unafanya nini. Namba yangu haijabadilika, na simu yangu sasa ina laini za pande zote mbili. Neno ni moja tu, herufi nne, unalijua. Likija kwa namba nisiyoijua, Mama akiuliza, nitakuwa na jibu jingine la kumpa. Lisipokuja, nitaendelea kusema ni friji, mpaka siku atakapoacha kuuliza.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,
Dada yako, Busia